Telomea ndefu au fupi: ipi inaongeza hatari ya saratani ya damu kwenye ukoo?

Darubini_Upanga

Wakuu, heshima kwenu. Wanaojua damu na jeni naomba msaada. Kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja: mmoja ana lukemia sugu ya limfosaiti (CLL), mwingine limfoma (saratani ya tezi za limfu). Familia imesikia kwamba urefu wa telomea hurithiwa na sasa inataka kupimwa. Huku nasoma telomea fupi ndizo huleta saratani ya damu, kule nasoma ndefu ndizo hatari. Tushike lipi? Na vile vipimo vya mate vinavyotangazwa mitandaoni vinafaa kitu, au sampuli ipelekwe nje? Kama ni nje, damu ichukuliwe vipi isiharibike njiani?

Uboho

Mkuu, yote mawili ni kweli, ila si kwa saratani ileile. Ndiyo maana unaona maandishi yanagongana.

Telomea ni herufi TTAGGG zinazojirudia maelfu ya mara kwenye ncha za kromosomu. Seli ikigawanyika, ncha inapungua kidogo. Ikifika ukomo, seli inagoma kugawanyika au inakufa. Kimeng'enya telomerasi hurudishia kiasi, hasa kwenye seli shina.

Upande wa fupi: jeni kama TERT, TERC, RTEL1 au DKC1 ikiharibika, seli shina za uboho zinaishiwa mapema. Uboho unapungua, na katika nafasi iliyobaki wazi zinashamiri seli chache zilizovunjika kromosomu, mara nyingi zilizopoteza kromosomu ya 7. Huko ndiko zinakotokea MDS (uboho kutengeneza seli za damu zenye kasoro) na lukemia kali ya mieloidi (AML). Limfoma na CLL si picha yake ya kawaida.

Upande wa ndefu: POT1 ni protini inayokaa kwenye ncha na kuizuia telomerasi isirefushe kupita kiasi. Ikiharibika, telomea zinabaki ndefu hata uzeeni. Watu husikia "telomea ndefu" wakadhani ni maisha marefu. Anayefaidi ni seli mbovu pia: ukoo wa seli ambao ungekufa njiani unaendelea kugawanyika kwa miongo, unakusanya kasoro moja baada ya nyingine. Utafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 2023 kwenye familia zenye POT1 mbovu ulionesha hivyo hasa: telomea ndefu, koo za seli za damu zenye kasoro mapema, na uvimbe wa aina nyingi. Kwenye familia za namna hii hutajwa CLL, limfoma, melanoma (saratani ya ngozi), glioma (uvimbe wa ubongo) na angiosakoma ya moyo (saratani ya mishipa ya damu).

Kwa hiyo ndugu zako wawili wanaangukia upande wa ndefu. Waulize na saratani za ukoo zilizo nje ya damu, hasa ngozi, ubongo na moyo. Lakini usiwaahidi kitu: familia nyingi zenye CLL zaidi ya mmoja hazikutwi na POT1 mbovu. Kuna pia vijitofauti vidogo vidogo karibu na TERT na TERC ambavyo kila kimoja kinasogeza hatari kidogo tu, havitoshi kumwambia mtu mmoja lolote la maana.

Maabara_Usiku

Nijibu la sampuli. Vipimo vya mate vya mitandaoni vingi hutumia qPCR, njia ya kunakili na kupima DNA, inayotoa wastani wa telomea zote za sampuli. Ukirudia sampuli ileile majibu yanaweza kutofautiana kiasi cha kumhamisha mtu kutoka "kawaida" hadi "fupi". Kwa utafiti wa maelfu ya watu inavumilika. Kwa mgonjwa mmoja, hapana.

Kipimo cha kliniki ni flow-FISH, kinachopima limfosaiti na granulosaiti (aina mbili za seli nyeupe) kila kundi peke yake, kisha kulinganisha na umri. Chini ya pasentili 1 kwenye limfosaiti, yaani fupi kuliko za watu 99 kati ya 100 wa umri huo, ndipo wanashuku ugonjwa wa telomea fupi kwa nguvu. Maabara zenye uzoefu ni chache duniani, Johns Hopkins ya Baltimore ikiwamo. Kinahitaji seli nzima zilizo hai, kwa hiyo:

Damu kwenye chupa ya zambarau (EDTA), igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 isigande. Ibaki joto la chumba. Ukiigandisha kwa baridi, seli zinapasuka na hakuna cha kupima. Piga hesabu ya ndege kabla ya kuchoma sindano, na muulize mpokeaji anakubali damu ya saa ngapi. Usichukue Ijumaa ikakae uwanjani wikendi nzima, na kwa joto la Dar boksi lisisahauliwe kwenye pikipiki ya usafirishaji juani.

Kosa kubwa zaidi ni kumpima mgonjwa mwenyewe wakati damu imejaa seli za CLL. Hapo unapima telomea za saratani, ambazo huwa zimefupika kwa kugawanyika sana. Utaandika "fupi" kwa mtu aliyezaliwa na ndefu. Kwa hoja yako nisingeanza na urefu kabisa. Ningesoma jeni ya POT1. Na kwa mgonjwa wa damu isomwe kutoka seli za ngozi zilizooteshwa, si damu, maana CLL yenyewe hupata kasoro za POT1 ambazo hazikurithiwa. Mate nayo yana seli nyeupe ndani, yasikudanganye.

Jambo la pembeni lakini zito: Waafrika kwa wastani wana telomea za seli nyeupe ndefu kuliko Wazungu. Muulize mpimaji chati yake ya pasentili imetoka kwa watu gani.

Dkt_Mwembe

Naongeza kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na familia ya upande wa fupi, maana huku kwetu inajificha vizuri. Utando mweupe mdomoni tunauita fangasi haraka. Ufute kwa kijiti: kandida (fangasi) inabanduka, lukoplakia (utando wa ugonjwa wa telomea fupi) haibanduki. Kucha zilizopasuka na kukunjamana nazo hupewa dawa ya fangasi miezi. Mapafu yenye makovu huonekana kama TB, GeneXpert inatoka hasi, dawa zinaanzishwa hivyo hivyo. Mvi ukiwa kijana, sirosisi (makovu ya ini) bila pombe wala hepatitisi, chembe sahani zinazoshuka polepole: ukikuta mawili matatu kwenye ukoo mmoja, simama.

Kwenye FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) angalia MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu. Zaidi ya 100 bila sababu ni dalili ya mapema, lakini kwanza ondoa sababu zetu za kila siku: zidovudini, haidroksiurea kwa mgonjwa wa selimundu, upungufu wa B12 au foliki asidi, pombe.

Na hapa urithi ni wa ajabu: mtoto hurithi jeni na hurithi pia ufupi wenyewe. Ndiyo maana watoto huugua wakiwa wadogo kuliko wazazi, na hata asiyepata jeni mbovu anaweza kuzaliwa na telomea fupi.

Darubini_Upanga

Asanteni sana wakuu. Sasa ndugu wazima wafuatiliwe vipi? Na je, wanaweza kuchangia uboho ikihitajika?

Uboho

POT1 mbovu ikithibitishwa, kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wanaoibeba wafanyiwe FBP yenye mgawanyo wa seli nyeupe mara moja kwa mwaka, ngozi ikaguliwe pamoja na nyayo na chini ya kucha, na mengine kwa ushauri wa daktari. Limfosaiti zikipanda, saitometria ya mtiririko (kipimo kinachochambua seli moja moja) ihesabu seli B za ukoo mmoja: 5,000 au zaidi kwa mikrolita, zikidumu miezi 3, ni CLL, chini ya hapo, bila tezi wala dalili, ni MBL (ongezeko la seli B lisilofikia CLL) na huangaliwa tu. Hata CLL ya hatua za mwanzo mara nyingi haitibiwi mpaka ilete shida, jambo ambalo familia hulipokea kwa shida kuliko dawa.

Uchangiaji: kwa CLL upandikizaji siku hizi ni nadra. Ukija, ndugu anayelingana HLA (alama za tishu) asipitishwe kabla jeni ya familia haijasomwa kwake. Mgonjwa asije akapewa uboho wenye kasoro ileile.

Maabara_Usiku

Na wakiulizia vidonge vya "kurefusha telomea" vinavyouzwa mitandaoni, kwa familia hii usiwaache wanunue. Danazoli, dawa ya homoni, ya 800 mg kwa siku ilijaribiwa kwa wenye telomea fupi, matokeo yakatoka 2016, chini ya uangalizi wa ini. Hawa wa kwako tatizo lao linalodhaniwa ni la upande wa pili.