Mjadala: Wagombea wote wapandishwe jukwaa moja kwa lazima, kama enzi za jembe na nyumba?

Mnyalukolo (Iringa)

Kamwene wakuu. Naleta hoja moja, naomba tusitawanyike. Sheria iwalazimishe wagombea wote wa ubunge na udiwani kupanda jukwaa moja katika kila kata, kwa muda sawa, bila muziki na bila kugawa fulana. Asiyetokea bila sababu, jina lake lifutwe kwenye karatasi ya kura.

Msiniambie haiwezekani, tulishafanya. Uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, chama tawala cha wakati huo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kuitisha mkutano wake binafsi. Chama wilayani kiliandaa mikutano, wanapanda wote wawili, wanaongea Kiswahili, na ni marufuku kugusa kabila, dini wala rangi. Mawaziri waliangushwa, si mchezo.

Sasa angalieni tunavyoshawishiwa leo. Mwaka 1937 Wamarekani walianzisha taasisi ya kuchambua propaganda, ikaorodhesha mbinu saba. Zote unaweza kuzisikia jioni moja tu pale Mwembetogwa. Mpinzani anabandikwa jina, kibaraka au msaliti, na hoja yake haiguswi tena. Yanafuata maneno yanayong'aa, amani, maendeleo, mabadiliko, ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeyapinga. Analetwa msanii kutoa ushuhuda. Kisha mgombea anashika jembe dakika mbili, kamera zinampata na hindi la kuchoma mkononi, "mimi mwenzenu, mtoto wa mkulima", huku dereva anamngoja na kiyoyozi kinawaka. Atataja madarasa yaliyojengwa, ya walimu ataruka. Mwisho unaambiwa Iringa yote imeshaamua, umebaki wewe tu.

Mbinu hizi zinanawiri kwa sababu anayesemwa hayupo. Mweke palepale, na kipaza sauti chake, tuone.

Bajaji_Kabwe (Mbeya)

Mkuu, unataka tufe njaa? Msimu wa kampeni ndiyo wese linapatikana bila kuzungushana, unajaziwa, unafunga bendera, unazunguka Mwanjelwa hadi Uyole unapiga honi, jioni unapewa chako. Bendera ya nani haijalishi. Kura yangu naijua mimi.

Tuache utani. Muziki msiuonee. Mbeya Mjini mwaka 2010 tulimpeleka Sugu bungeni, na jina lake alilitengeneza kwenye rap, si kwenye ofisi ya chama. Kijana asiye na mzee wa kumshika mkono atajulikana wapi? Ukifuta muziki wanabaki wenye majina ya baba zao.

Mwalimu_Mstaafu (Tukuyu)

Mnyalukolo, mwanangu, umeeleza vizuri jukwaa lilivyokuwa, ila hukusema kilichoruhusiwa kusemwa juu yake. Wale wawili walibishana nani atafuatilia barabara na nani atafuatilia zahanati. Kama sera ya chama ni sahihi, hilo halikuwa swali. Mwenye jembe alisema bila jembe hamli. Mwenye nyumba akajibu hata mwenye jembe jioni anarudi nyumbani. Watu wakacheka, wakapiga kura. Urais ulikuwa na jina moja, ndiyo au hapana.

Chukua kwenu Iringa. Ismani ilikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi, na ujamaa ulipofika mashambani mwao hapakuwa na mgombea hata mmoja wa kusimama aseme "mimi nikichaguliwa, mashamba haya hayaguswi". Mwenye kinyongo angempa nani kura? Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, akapigwa risasi hukohuko Ismani, na mkulima aliyempiga akanyongwa. Simtetei aliyeua. Nasema hasira ile haikuwa na sanduku la kura la kuingia. Miezi michache baadaye, Mei 1972, TANU ikaja kupitisha tamko la "Siasa ni Kilimo" Iringa hiyohiyo.

Na kuna jambo linalonisumbua zaidi. Tume ya Jaji Nyalali, ya kukusanya maoni kama tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi, ilipozunguka nchi mwaka 1991, wananchi karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Ndiyo hayo maoni ya watu? Au ni matokeo ya miaka zaidi ya ishirini na tano ya kusikia upande mmoja redioni, shuleni na kwenye vikao vya nyumba kumi? Mimi nilikuwa nafundisha. Wanafunzi walianza siku kwa nyimbo za chama, nami ndiye niliyewaongoza. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, Mwalimu Nyerere naye akaunga mkono, na 1992 sheria ikabadilika. Wengi walishinda kwa hesabu, wachache wakashinda kwa hoja. Aliyeko upande wa demokrasia hapo ni nani? Nijibu hilo kwanza, ndipo turudi kwenye fulana.

Dada_wa_Parachichi (Njombe)

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko kwenye fulana, maana huko ndiko tunakoumia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, mgombea akakirimu wapiga kura "kwa nia njema". Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Je, khanga zimekoma? Zinakuja usiku. Siku hizi hupewi wewe, kinapewa kikundi: mgombea "anatunisha mfuko" wa vikoba vyenu, mnapiga makofi, mwenyekiti wenu anatangaza jina lake mara tatu. Ukimkataa, unaonekana umewanyima wenzako mkopo.

Kwa hiyo namuunga mkono Mnyalukolo, kwa sharti. Jukwaa la pamoja lina kelele za wanaume. Nilishuhudia mama mmoja aliyegombea udiwani kwetu akiulizwa mumewe yuko wapi na nani amepika leo. Wenzake wa kiume waliulizwa bei ya mbolea. Sheria isiposema nani anauliza na anauliza nini, mtatupandisha pale tuchekwe.

Mnyalukolo (Iringa)

Shikamoo Mwalimu. Dada, hilo la maswali nalichukua: yaandikwe, yachanganywe kwenye kapu, kila mgombea achomoe la kwake mbele ya watu.

Mwalimu, mimi siombi turudishiwe chama kimoja. Naomba jukwaa lake, wapande wa vyama vyote. Enzi zile palikuwa na meza moja na sera moja. Sasa tuna sera nyingi, kila mtu na meza yake, na ratiba inapangwa ili wasikutane kabisa. Hilo la Nyalali linanipa nguvu: watu waliposikia upande mmoja tu, walichagua upande huo. Anayesikiliza mikutano ya chama chake peke yake leo ana tofauti gani na yule wa 1991?

Waingereza wana mfalme, lakini waziri mkuu wao ni mbunge, na kila Jumatano Bunge linapokaa anasimama kuulizwa na kiongozi wa upinzani, uso kwa uso. Mfumo wenyewe unamlazimisha. Sisi tuna maswali ya Alhamisi bungeni Dodoma, ila anayejibu ni Waziri Mkuu wa kuteuliwa, na mwenye serikali, yaani Rais, hayumo ukumbini. Kwa hiyo kampeni ndiyo nafasi pekee, nayo ikiwa ya hiari mkubwa haji. Kenya 2017 Raila alisimama mdahaloni peke yake. Uhuru hakutokea, na bado alitangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu ilikuja kuyafuta matokeo yale.

Mwalimu_Mstaafu (Tukuyu)

Hapo umejibu nusu. Na msimamizi? Chama kilisimamia 1965 kwa sababu wagombea wote walikuwa wake. Leo unamkabidhi nani kengele ya kusema muda umekwisha? Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wasisimamie uchaguzi, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka huohuo. Unataka kumwongezea na kipaza sauti?

Mnyalukolo (Iringa)

Simpi mkurugenzi. Kila chama kilete mtu wake wa saa, wakae benchi moja, simu zao juu ya meza. Viongozi wa dini wafungue kwa sala na washuke.

Bajaji_Kabwe (Mbeya)

Sawa wazee. Bila muziki nani atakuja? Mimi nikipumzika Jumapili nalala.

Mnyalukolo (Iringa)

Siku ya gulio. Watu wameshafika na mbuzi wao, hatuhitaji kumwita mtu. Saa nne hadi saa sita, kabla mvua haijaanza.

Dada_wa_Parachichi (Njombe)

Saa nne ndiyo wanunuzi wa parachichi wanapima mzigo. Wekeni saa nane, la sivyo wanawake hatutakuwepo.