MREJESHO: Ule ufadhili wa wanaotunza mila, nimepata (nusu)

Kamwene wakuu. Niliuliza kama kumrekodi bibi akisimulia kwa Kihehe kunatosha kuombea ufadhili wa chuo wa wanafunzi wanaotunza urithi wao. Mkaniambia nijaribu. Nimepata nusu ada. Chumba na msosi najitegemea.

Habari za fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kurudi Kalenga, Iringa, mwaka 1954 hazikunibeba, msaili alisema wamezisoma mpaka basi. Kilichowashika ni dakika 11 za bibi akisuka kikapu cha milulu (aina ya nyasi za kusukia), anataja kila hatua kwa Kihehe, jogoo anawika nyuma. Nilitaka kumfuta yule jogoo, mzee mmoja hapa jukwaani akanikataza. Shikamoo babu!

Kilichonitesa ni barua ya kijiji: safari tatu, mara mhuri umefungiwa kabatini.

Bibi anauliza mgao wake uko wapi.