Uwanja wa California Memorial, Berkeley: umekarabatiwaje juu ya ufa wa tetemeko?

Swali
Ufa wa Hayward unapita chini ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha California, karibu kutoka goli hadi goli. Kwa nini hawakuujenga upya kwingine? Na je, si wangeweka tu zile bereni za mpira (pedi za kupunguza mtikisiko) chini ya nguzo?

Jibu la 1
Uwanja ulifunguliwa Novemba 1923 kwa mechi dhidi ya Stanford, kuwakumbuka Wakalifornia waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande wa mashariki umelalia kilima. Wa magharibi ni ukuta wa zege unaosimama wenyewe. Mwaka 2006 uliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo ya kihistoria, kwa hiyo ukuta huo ulibakizwa na majukwaa ya nyuma yake yakabomolewa na kujengwa upya.

Bereni husaidia ardhi inapotikisika. Hapa shida ya pili ni ardhi kupasuka: nusu ya magharibi inakwenda kaskazini, ya mashariki inabaki. Hata bila tetemeko inateleza milimita 4 hadi 5 hivi kwa mwaka. Jointi za ukuta zilikuwa zimepishana zaidi ya sentimeta 30, na kalvati ya kijito cha Strawberry, inayopita chini ya uwanja, ilipata nyufa. Ukijaza jointi ya namna hiyo kwa chokaa na saruji, itafunguka tena tu.

Jibu la 2
Naongezea sehemu tamu. Ufa unakata bakuli la majukwaa mahali pawili, kaskazini na kusini. Vipande hivyo viwili vilitenganishwa na majirani zake, kila kimoja kikawekwa juu ya bamba nene la zege lenye nondo. Chini ya bamba kuna karatasi za plastiki na mchanga. Ardhi ikikatika, bamba linateleza na kuzunguka likiwa zima. Mapengo pembeni lazima yawe mapana; yakibana, kipande kitagonga jirani yake na faida yote itapotea. Usanifu ulizingatia mpasuko wa takriban mita 1.8 kwa mlalo na 0.6 kwa wima.

Jengo la waandishi wa habari ni hesabu nyingine. Limebebwa na kuta za zege zenye nyaya za chuma zilizovutwa kwa wima: kuta zinaruhusiwa kuyumba, nyaya zinazirudisha wima.

Muulizaji
Na sheria iliruhusu?

Jibu la 1
Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Sheria ya California iitwayo Alquist-Priolo, ya 1972, inazuia ukarabati wa jengo lililo juu ya ufa usizidi nusu ya thamani yake, hivyo mabishano makubwa yalikuwa jinsi ya kukadiria thamani hiyo. Pembeni ya uwanja, waandamanaji walikaa juu ya miti ya mialoni ili isikatwe, tangu Desemba 2006 hadi Septemba 2008. Msimu wa 2011 timu ilihamia San Francisco, ikarudi nyumbani Septemba 2012. Gharama: dola milioni 321.