Mnaoandika "inafanya kazi kwenye Windows", mmewahi kujaribu wenyewe?

Wakuu, leo nina hasira na lazima niiseme.

Nimenunua bodi ya kuandikia fimwea (programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe). Mwongozo wa mtengenezaji umeeleza upande wa Linux amri kwa amri. Ukifika upande wa Windows unakuta sentensi moja: watumiaji wa Windows watumie WSL, yaani ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Basi, wamemaliza!

Tuanze na USB, maana hapo ndipo wanapotuacha kwenye mataa. WSL2, toleo la pili la WSL, ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Ukichomeka bodi inaonekana Windows, Linux haina habari nayo. Unapiga `lsusb`, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, unatoka kapa. Hakuna mahali walipokwambia kwamba unahitaji usbipd-win, programu ya kupitisha kifaa cha USB kutoka Windows hadi Linux, kwamba ufungue PowerShell kama msimamizi, upige `usbipd list` upate busid, namba ya mahali kifaa kilipochomekwa, kisha `usbipd bind` kukiruhusu kifaa kipitishwe, kisha `usbipd attach --wsl` kukikabidhi kwa Linux. Haya, umehangaika mwenyewe hadi /dev/ttyACM0, yaani bandari ya bodi kwa jina la Linux, imetokea. Sasa choma fimwea uone. Bodi inajiwasha upya na kuingia kwenye butiloda (kijiprogramu kinachopokea fimwea mpya), na ikiwa humo inajitambulisha kwa namba nyingine za USB. Kwa Windows hicho ni kifaa kipya ambacho hakijawahi kufanyiwa bind, kwa hiyo inakishika yenyewe, huku programu ya kuchomea kule Linux ikisubiri bandari ambayo haipo tena mpaka muda unaisha. Mgeni hapo ataamini kebo mbovu, au bodi imekufa. Na bodi ni nzima kabisa!

Hayo mengine nayo hayana hata neno moja kwenye mwongozo. Ukiweka mradi kwenye /mnt/c, yaani diski C ya Windows ikionekana ndani ya Linux, kila faili inasomwa kwa kuvuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, na mradi wenye maelfu ya vijifaili unajengwa kwa mwendo wa kinyonga. Ukiuvuta kwa Git ya Windows (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) yenye autocrlf, mpangilio unaobadilisha alama za mwisho wa mstari ziwe za Windows, skripti zinakataa na kukutupia `/bin/bash^M: bad interpreter`. Aliyeanza juzi atajuaje kwamba hiyo ^M ni alama ya mwisho wa mstari ya Windows? Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, ina faili za msimbo xt_MARK.h na xt_mark.h ndani ya folda moja, na kwenye diski ya Windows, kwa kawaida, hayo ni jina moja tu, kwa hiyo faili moja inaifuta nyenzake.

Buildroot, zana ya kujengea mfumo wa Linux wa vifaa vidogo, ndiyo inagoma hata kuanza, kwa sababu PATH ya Windows (orodha ya folda za kutafutia programu) imeingizwa Linux pamoja na ile nafasi iliyo katikati ya "Program Files", nayo haikubali nafasi kwenye PATH. Dawa yake ni kuandika `[interop]` na chini yake `appendWindowsPath=false` ndani ya /etc/wsl.conf, faili ya mipangilio ya WSL, halafu `wsl --shutdown` kuizima ili ianze upya. Mistari miwili, jamani! Imewashinda nini kuiandika?

Na msiniambie nifute Windows. Wengi tunatumia mashine za kazini ambazo haturuhusiwi kugusa mfumo wake, na boksi lenyewe limeandikwa Windows waziwazi. Niliwaandikia huduma kwa wateja, wakanirudishia kiungo cha ukurasa uleule.

Waweke hatua za Windows zilizojaribiwa kwenye mashine mpya, kuanzia kuchomeka kebo hadi fimwea kuwaka, au wafute hilo neno kwenye boksi. Aliyekwama kwenye butiloda kama mimi ataje hapa bodi gani na toleo gani la usbipd, niwapelekee yote kwa pamoja.