Sabuni yenye dodoki ndani: gumzo la kikundi cha familia

Neema: Shikamoo shangazi, habari za jioni wote. Ule mdodoki wa uani umezaa sana. Nataka kutengeneza sabuni ambayo dodoki linakaa ndani yake. Nianzie wapi?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Madodoki yenyewe yamekauka au bado mabichi?

Neema: Mengi yamekauka mtini. Machache bado yana ukijani.

Shangazi Rehema: Ya kijani yaache mtini. Lililo tayari ganda lake ni la kahawia, ni jepesi mkononi, na ukilitikisa unasikia mbegu ndani. Libonyeze ganda lipasuke, limenye, toa mbegu zote, lioshe mpaka maji yatoke safi. Halafu lianike.

Daudi: Kumbe linaota mtini? Miaka yote nilidhani dodoki linatoka baharini.

Mjomba Idi: Sifongo ya baharini ni mnyama, Daudi. Dodoki ni tunda, ukoo mmoja na tango na boga. Bichi changa hata kuliwa linaliwa.

Shangazi Rehema: Neema, kwenye kuanika usiwe na haraka. Dodoki linakauka nje upesi, katikati linabaki na unyevu. Likate vipande vya duara, unene wa vidole viwili, ndipo uanike tena. Ukilifungia unyevu ndani ya sabuni litaota ukungu, na hutajua mpaka uanze kuogea na lile harufu likujie.

Neema: Nimekuelewa. Na sabuni yenyewe?

Mama Zawadi: Mimi natumia ile ya kuyeyusha, vipande vya glisirini vilivyo tayari. Nyumba yangu ina watoto wadogo, kostiki, ile kemikali kali ya kugeuza mafuta kuwa sabuni, siitaki ndani. Unayeyusha taratibu juu ya sufuria ya maji ya moto, unaacha ipoe kidogo, unamimina juu ya dodoki. Baada ya saa chache imeganda.

Shangazi Rehema: Kwa anayeanza, njia ya Mama Zawadi ni nzuri sana. Ila usiiache ichemke, itajaa povu.

Neema: Mimi natamani ya kostiki, shangazi. Nataka kuchagua mafuta mwenyewe.

Shangazi Rehema: Sawa, basi sikiliza vizuri.
Mafuta ya zeituni gramu 300, ya nazi gramu 150, ya mbarika gramu 50. Kostiki gramu 70, maji gramu 150. Vyote vipimwe kwa mizani, hata maji. Kikombe na kijiko hapana. Hapo kuna mafuta kidogo yanayobaki bila kugeuka sabuni, ndiyo yanayofanya isikaushe ngozi. Ukibadilisha mafuta hata aina moja, hesabu ya kostiki ifanywe upya, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake. Ya nazi yanakula kostiki nyingi kuliko ya zeituni.

Shangazi Rehema: Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji. USIMWAGE MAJI JUU YA KOSTIKI, yatakurukia. Vaa glavu, miwani na mikono mirefu, fungua madirisha, usiinamie chombo. Maji yatapata moto mkali bila jiko, usishtuke. Na sufuria ya aluminiamu isiguse kabisa hiyo kitu, inaliwa na kutoa gesi inayowaka. Tumia ya stili au ndoo ya plastiki ngumu.

Daudi: Ikimrukia mkononi apake siki?

Shangazi Rehema: Hapana Daudi, siki isipakwe kwenye ngozi. Maji mengi yanayotiririka, dakika 20, na nguo iliyolowa ivuliwe. Ikiingia jichoni ni hivyo hivyo, kisha hospitali moja kwa moja.

Mama Zawadi: Na watoto wasiwepo jikoni siku hiyo. Nasema kwa msisitizo.

Shangazi Rehema: Kabisa. Sasa, maji ya kostiki na mafuta vikishuka mpaka karibu digrii 40, changanya na ukoroge. Hapa ndipo sabuni ya dodoki inapotofautiana na nyingine. Watu wamezoea kukoroga mpaka iwe nzito. Wewe imimine ingali uji mwepesi, pale ukiinua mwiko tone linaacha alama hafifu juu kisha inapotea. Ikiwa nzito haitapenya kwenye nyuzi.
Kata dodoki uliangalie: katikati lina vyumba, kwa kawaida vitatu, na pembeni nyuzi zimesokotana kama wavu. Mimina polepole kwenye vyumba kwanza. Utaona mapovu yanapanda. Gonga kalibu, yaani chombo cha kugandishia, mezani, subiri, ongeza. Rudia mpaka mapovu yaishe.

Mjomba Idi: Kalibu nzuri ni bomba la plastiki la maji, lile pana. Ziba chini, weka karatasi ya kuokea ndani. Dodoki zima linaingia humo.

Shangazi Rehema: Bomba ni zuri, shida ni kukata, kaka. Nyuzi zinaburuza kisu na sabuni inachanika pembeni. Mimi nahimiza vipande vikatwe mapema, kila kimoja kwenye kikombe chake cha silikoni. Akitaka bomba, akate kesho yake kabla haijawa ngumu, kwa kisu cha meno.

Neema: Halafu nasubiri muda gani?

Shangazi Rehema: Wiki 4 hadi 6, mahali penye hewa, ukivigeuza geuza. Hapo maji yanatoka na sabuni inakuwa ngumu na laini kwa ngozi.

Mama Zawadi: Utakaowapa waambie: kila mtu na yake, wasichangie. Baada ya kuoga isuuzwe na iwekwe kwenye kisahani chenye matundu, maana dodoki linaloshinda limelowa linazalisha bakteria. Na isiguse uso wala ngozi iliyotoka kunyolewa. Ni ya visigino, viwiko na mgongo.

Neema: Asanteni sana. Kesho naanza kukata na kuanika. Mama Zawadi, naomba kuazima mizani.

Mama Zawadi: Njoo asubuhi. Betri zimeisha, njoo na mpya.