Mjadala: Fidia ya Tulsa na Rosewood, idaiwe mahakamani au bungeni?

Mtunza Daftari
Wakuu, naomba tulichambue hili kwa utulivu. Marekani ilishuhudia makazi mawili ya watu weusi yakichomwa na makundi ya wazungu, na haikupita hata miaka miwili kati yake. La kwanza ni mtaa wa Greenwood mjini Tulsa, Oklahoma, usiku wa Mei 31 kuamkia Juni 1, 1921. Kijana mng'arisha viatu, Dick Rowland, alituhumiwa kumshambulia mhudumu wa lifti, Sarah Page. Mashtaka yenyewe yalifutwa baadaye, lakini vitalu 35 vilikuwa vimeshageuka majivu, na Msalaba Mwekundu ulihesabu nyumba 1,256 zilizoteketea. La pili ni kijiji cha Rosewood, Kaunti ya Levy, Florida, wiki ya kwanza ya Januari 1923. Idadi rasmi ya waliouawa ni weusi 6 na wazungu 2. Kijiji kilifutika, ilibaki nyumba ya John Wright, muuza duka mzungu aliyewaficha waliokimbia.

Manusura wa Rosewood walilipwa na jimbo mwaka 1994. Wa Tulsa wamekwenda mahakamani mara mbili na kurudi mikono mitupu. Nasema wazi: kwa jambo lenye umri huu, kwenda mahakamani ni kupoteza miaka ambayo wazee hawa hawana.

Wakili wa Zamu
Nakubaliana na sehemu ya hoja, ila tueleze kesi zilianguka wapi hasa. Ile ya 2003 iliuawa na ukomo wa muda. Sheria iliwapa miaka 2 ya kudai. Mawakili wakasema: mwaka 1921 nani angesikiliza? Jopo la mashtaka la wazungu watupu lilishawatupia weusi lawama ya ghasia zote. Jaji alilikubali hilo, kwamba kwa muda mrefu milango ya mahakama ilikuwa imefungwa kwao. Lakini akasema ubaguzi ule wa kisheria ulipovunjwa miaka ya 1960, saa ilianza kuhesabu, na wao wakachelewa. Mahakama ya rufaa ikaafiki, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza.

Kesi ya 2020 ilijaribu kuukwepa ukomo kwa kudai kwamba uharibifu ule ni kero kwa umma inayoendelea hadi leo. Wazo zuri, ila njiani lilikutana na shimo. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya Oklahoma ilifuta hukumu ya dola milioni 465 dhidi ya kampuni ya Johnson & Johnson katika kesi ya dawa za maumivu zinazolevya, na hapo hapo ikaibana sana maana ya kero kwa umma. Manusura walikuwa wamejenga nyumba yao juu ya msingi huo huo. Juni 2024 wakashindwa.

Mama Hoja
Ndugu zangu, mnaanzia 2003 wakati mlango ulifungwa tangu 1921 kwa neno moja tu: "ghasia". Bima za moto za wakati ule zilikuwa na kifungu kinachosema kampuni hailipi hasara iliyoletwa na ghasia. William Redfearn alikuwa na jengo la maonyesho na hoteli pale Greenwood, na bima ya dola 19,000. Hoja yake ilikuwa kwamba waliochoma ni watu waliopewa beji na polisi, kwa hiyo kilichotokea si ghasia za raia bali ni kazi ya mamlaka. Mwaka 1926 akashindwa. Kwa hiyo anayesema ubishi juu ya jina la tukio ni maneno matupu, aisome hiyo kesi kwanza. Jina lilifuta dola 19,000 za mtu mmoja, na bado hujawahesabu majirani zake.

Na madai yaliyopelekwa kwa jiji? Yalifika kama dola milioni 1.8. Yakakataliwa, isipokuwa la mzungu mwenye duka la silaha, aliyelipwa kwa bunduki zilizochukuliwa dukani kwake. Hilo linaniumiza kuliko yote katika habari hii.

Mtunza Daftari
Mama Hoja, umeniongezea nguvu. Tazameni Florida walivyofanya, hatua kwa hatua. Kwanza, bunge la jimbo liliagiza utafiti, na mwaka 1993 wanahistoria wa vyuo vikuu wakawasilisha ripoti. Pili, hawakufungua kesi. Walipeleka muswada wa madai, utaratibu ambao bunge hulipa pale serikali isiposhtakika kwa njia ya kawaida. Tatu, aliteuliwa msikilizaji maalumu aliyekaa kama jaji, akachukua ushahidi wa wazee kwa kiapo na kupendekeza. Swali lake halikuwa "mmechelewa?" Aliuliza: je, wenye mamlaka walijua, na je, walikaa kimya? Gavana wa 1923 alikuwa na taarifa, na sherifu akamjibu kwamba askari wa akiba hawahitajiki. Nne, waliopigia debe muswada walilikwepa neno la Kiingereza "reparations", linalotumika kwa fidia ya utumwa, wakashikilia haki ya mtu kwenye mali yake. Wahafidhina kadhaa walivutwa na hilo. Gavana Lawton Chiles akatia saini Mei 4, 1994: jumla dola milioni 2.1.

Kisiki cha Mpingo
Mkuu, gawanya hizo fedha tuone. Milioni 1.5 zilitengwa kwa ajili ya manusura, hadi dola 150,000 kwa kila mmoja, nao waliolipwa walikuwa 9 tu. Laki 5 zilikuwa za mali iliyopotea, na laki 1 ya ufadhili wa masomo. Kwenye fungu la mali ndiko kulikoharibika. Mjukuu alitakiwa athibitishe ukoo na umiliki: hati ya ardhi, rekodi za kodi, sensa. Watu waliotoroka usiku wa baridi kupitia kinamasi, wengine na nguo za kulalia, walibeba hati gani? Tena mashamba yaligawanywa kwa warithi wengi, hivyo baadhi waliishia na dola mia chache.

Halafu unasahau kwamba Oklahoma nayo ilipita bungeni. Tume yake ilitoa ripoti mwaka 2001 ikapendekeza manusura walipwe. Bunge likatoa medali, mpango wa ufadhili wa masomo na ahadi ya kumbukumbu. Fedha mkononi, sifuri. Bunge likikataa huna pa kukata rufaa. Mahakama angalau inalazimika kuandika sababu zake.

Jembe
Na wafu je? Makaburi ya Oaklawn, Tulsa, yanachimbwa tangu 2020. Rekodi za wazishi zilionyesha wanaume weusi 18 walizikwa pale katika majeneza ya mbao za kawaida, basi wachimbaji wakatafuta hicho hicho: mwanamume mzima, jeneza la kawaida, dalili ya risasi. Mifupa iliyokaa muda mrefu ardhini hutoa vinasaba vilivyokatika vipande, kwa hiyo maabara hulinganisha na ndugu wa mbali waliojitolea sampuli zao, kisha hupanda mti wa ukoo hadi jina lipatikane. Julai 2024 alitambuliwa wa kwanza, C.L. Daniel, askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Barua ya wakili wa mama yake ya mwaka 1936, iliyoomba mafao ya mwanawe, ilikuwa kwenye mafaili ya serikali miaka yote hiyo.

Wakili wa Zamu
Jembe, barua hiyo ingekuwa mezani mwaka 2003, hoja ya "mmechelewa" ingepata jibu gumu. Familia ilidai miaka 15 tu baada ya kifo, na kwa serikali yenyewe.

Kisiki cha Mpingo
Ndiyo maana nasema makabrasha yatafutwe kwanza, mahakama na bunge vifuate. Juni 2025 Meya Monroe Nichols alitangaza mfuko wa dola milioni 105 kutoka kwa wafadhili binafsi, kwa nyumba, majengo ya kale na masomo. Malipo ya moja kwa moja kwa manusura hayamo katika mpango huo.