Digrii ya uchumi: hesabu kibao, mkonge hakuna

Wadau wa Tanga, nina dukuduku. Nimesoma digrii ya uchumi, miaka 3. Sisi tuliotoka HGE (historia, jiografia na uchumi) tulilia na kalkulasi, wenzetu wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati) wakitucheka. Hesabu siikatai. Ila nilirudi nyumbani naweza kuchora mkunjo wa mahitaji, ule mchoro wa bei na kiasi watu wanachonunua, nimefumba macho, halafu mjomba wangu wa Muheza akaniuliza kwa nini dalali hununua machungwa yakiwa bado maua. Nikabaki namtazama. Yeye aliuza hivyo kwa sababu ya ada: dalali akapita akihesabu miti kwa macho, akalipa taslimu, msimu ulipofika matunda yakawa yake. Mkopo, riba na bahati nasibu ya mvua, vyote chini ya mchungwa. Mimi nilivisoma kwa herufi za Kigiriki.

Mkonge nao? Hindorf, Mjerumani, aliuleta 1893. Kufikia 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000, kisha kamba za plastiki zikachukua nafasi ya kamba za mkonge na kuua bei. Darasani mfano wa bidhaa mbadala ulikuwa chai na kahawa!

Nasema mwaka wa kwanza uanze na historia ya uchumi wa hapa kwetu. Nipingeni.

Wa Chumbageni: Kaka, bila hesabu mkonge utausimulia kama babu yuko barazani. Bei ilianza kuanguka kabla ya 1967, mashamba yakataifishwa 1967. Sasa niambie, hasara ipi ni ya plastiki na ipi ya utaifishaji? Hapo ndipo ekonometria, yaani kupima uchumi kwa takwimu, inapoingia, na haiingii bila kalkulasi.

Mama wa Ngamiani: Nyie bishaneni. Mwanangu anaanza mwaka huu kwa mkopo wa bodi. Kazi ipo?

Mwanzisha mada: Wa Chumbageni, umenibana, hilo swali sina namna ya kulijibu kwa hadithi. Lakini nani alikufundisha kuliuliza? Si chuo, ni kuzaliwa Tanga. Hata Harvard kule Marekani, Novemba 2011, wanafunzi walitoka darasani kwa Mankiw, profesa wa uchumi, wakidai wanafundishwa uchumi wa upande mmoja.

Mama, shikamoo. Nilikaa mwaka mzima bila ajira. Kilichoniingiza kazini ni kuchambua takwimu, hizo hizo hesabu ninazozilalamikia. Na bodi wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, mwambie mapema.

Wa Chumbageni: Kwa hiyo tumekubaliana?

Mwanzisha mada: Hatujakubaliana. Mjomba bado anasubiri jibu.